Kitabu Kilichomng'oa Mangi

Kabati halikuvunjwa. Mkaguzi Msaidizi Naserian Lemomo alilizunguka mara mbili, akachuchumaa, akamulika kitasa kwa tochi ya simu, kisha akapitisha ukucha kwenye ukingo wa mlango wa chuma akitafuta alama ya bisibisi. Hapakuwa na kitu. Rangi ya kijivu ilikuwa imetulia palepale ilipopakwa, na mwizi yeyote anayejiheshimu angeacha walau mkwaruzo mmoja wa kuwapa polisi kazi.

"Funguo ziko ngapi, Mchungaji?"

"Mbili. Mmoja ninao mimi. Mwingine anao katibu wa usharika, Mama Aika."

"Na wa kwako huwa unalala wapi?"

Mchungaji Gadiel Ayo alivuta kamba iliyokuwa shingoni mwake, chini ya kola. Ufunguo ulikuwa unaning'inia mwishoni. "Hapa. Hata nikioga."

Naserian aliandika. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa Mlima Meru, na alikuwa na ugonjwa mmoja uliowachosha wakubwa zake pale mkoani: jambo asilolielewa lilimnyima raha mpaka alielewe. Wenzake walipewa mauaji na mihadarati. Yeye alipewa kitabu kilichopotea kanisani, akafurahi utadhani amepandishwa cheo.

Na kitabu chenyewe hakikuwa cha hivihivi. Kilikuwa kitabu cha mihtasari ya Baraza la Nkoanduru la mwaka 1952, jalada jeusi la kitambaa, kurasa mia moja na kidogo. Enzi za Mwingereza, watu wa Nkoanduru, hapo juu ya Maji ya Chai, walikutana katika shule ya kanisa wakamng'oa madarakani Mangi, chifu wao, Yoramu, kwa kosa la kutia saini karatasi iliyowapa walowezi mashamba ya wananchi. Baraza halikuwa na ofisi, kwa hiyo kitabu kilibaki kanisani. Kwa miaka sabini na kitu hakuna aliyekiulizia isipokuwa mende.

Mwaka huu mambo yakabadilika. Derick Issangya, muuza vipuri vya magari na mtia nia wa udiwani, alianza kuwaambia watu kila mkutano kwamba babu yake, Solomoni, ndiye aliyesimama barazani akamwangusha Mangi. Godwin, mjukuu wa Mangi huyo, akamjibu kwenye kundi la WhatsApp la kata kwamba huo ni uongo mtupu. Maneno yakawa makali, ndugu wakaacha kusalimiana, Mchungaji akachoka. Akatangaza madhabahuni kwamba kitabu kitafunguliwa na kusomwa mbele ya washarika wote, kila mtu asikie kwa masikio yake. Alipokwenda kukichukua, rafu ilikuwa tupu.

Derick hakupoteza muda. Alikwenda polisi akaandikisha kwamba katibu Tabea Ndosi, huyo ambaye wote wanamwita Mama Aika, amehongwa na ukoo wa Mangi akifiche. Kesho saa tatu asubuhi wazee wa kanisa wangekaa kumfukuza kazi, na wakishamaliza wao, Mkuu wa Upelelezi alitaka jalada liende kwa mwendesha mashtaka. Mama Aika alikuwa ameitumikia ofisi ile miaka ishirini na sita. Naserian alikuwa amebakiwa na siku moja ya kujua kama mama huyo ni mwizi au la.

Jana yake alikuwa ameanzia Kaloleni, ambako Godwin alipanga chumba cha kuchapia fulana, hatua chache kutoka uwanja wa mpira. Godwin alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, vidole vimejaa wino.

"Ulimwomba Mama Aika hicho kitabu mara ngapi?"

"Mara tatu. Akaninyima mara tatu."

"Kwa hiyo ukatafuta njia nyingine."

"Afande, mimi nataka kisomwe kwa spika, pale uwanjani, watu wajae. Nikifiche ili nipate nini? Wa kukiogopa ni Derick."

Hakukataa kupekuliwa. Naserian alikuta fulana, makopo ya wino, na barua tatu za Godwin za kuomba kusoma kitabu, zote zimegongwa muhuri wa usharika, na chini ya kila moja Mama Aika ameandika kwamba ombi limekataliwa. Naserian alizipiga picha. Aliyehongwa anaweza kukataa kwa maandishi mara moja ili kujikinga. Mara tatu ni kazi ya bure.

Sasa, akitoka ofisini kwenda kumtafuta mama mwenyewe, alimkuta Derick anamsubiri kwenye uwanja wa kanisa, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa, kijana wa kamera nyuma yake.

"Afande, umeshamkamata?"

"Nani?"

"Si huyo mama! Kila mtu anajua."

"Wewe kitabu umewahi kukiona?"

"Kwa macho haya? Hapana. Ila habari zake zinajulikana. Ukurasa mzima ni wa babu yangu."

"Jalada lake rangi gani?"

Derick alifikiri kidogo. "Kahawia. Vitabu vya zamani vyote si kahawia?"

Naserian alimtazama vizuri. Uso ulikuwa wazi kabisa, hauna wasiwasi wowote. Mtu aliyekificha kitabu angeijua rangi, au angejitahidi kutoijua kwa ustadi zaidi ya huo. Alimshukuru, akamwomba kamera izimwe, akapita.

Mama Aika alikuwa ameketi kwenye benchi la varanda ya ofisi, upande wa mlango wa kanisa, mikono mapajani, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa adabu ya siku ya Meza ya Bwana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Machozi yakamlengalenga ghafla. Wiki nzima hakuna aliyemwamkia.

Waliingia ndani pamoja na Mchungaji. Mama Aika alieleza bila kuulizwa mara mbili: wino wa kitabu ulikuwa unafifia, Mchungaji akamwagiza akinakili chote kwa mkono kwenye daftari jipya. Kupiga picha kulikatazwa kwa sababu picha moja ikiingia kwenye simu, jioni iko kata nzima. Kukitoa kitabu ofisini kulikatazwa pia. Adhabu yake ilikuwa imeandikwa kwenye mlango wa kabati kwa kalamu nyekundu: kuachishwa kazi.

"Ulifika wapi kunakili?"

"Ukurasa wa sitini na moja."

Naserian alilivuta daftari. Mwandiko ulikuwa safi, mistari imenyooka, na ulikatikia katikati ya sentensi. Alifunua nyuma, mbele, nyuma tena. Kisha akaacha kusoma maneno, akaanza kuitazama karatasi. Kwenye ukurasa wa kumi na nane kulikuwa na tone gumu, jeupe. Kwenye wa thelathini, mawili. Alilikwaruza moja kwa ukucha, akalinusa.

"Mchungaji, umeme hapa ukoje?"

"Sasa upo. Mwezi uliopita transfoma iliungua, tukakaa gizani wiki tatu."

"Mkawa mnatumia mishumaa humu ofisini?"

"Humu? Haiwezekani! Tangu sakristia ilipoungua mwaka ule, mshumaa unawashwa madhabahuni tu, na mtu anasimama kuulinda."

"Sawa. Naomba utupishe kidogo, Mchungaji."

Mlango ulipofungwa, Naserian aligeuza daftari kumwelekea Mama Aika, akaweka kidole kando ya tone la nta. Mama Aika akaanza kulia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Nilikuwa nakipeleka nyumbani," alisema. "Hapa mchana nina vyeti vya ubatizo, nina matangazo ya ndoa, watu hawaishi mlangoni. Ningekinakili saa ngapi? Nilikuwa nakibeba jioni, nakirudisha asubuhi. Sikukiuza, afande. Mungu ananiona."

"Nakuamini. Mara ya mwisho kilikuwa wapi?"

"Kapuni. Jumapili nilikuja nacho alfajiri. Nilikiweka chini, juu nikamwaga maparachichi ya kwangu, mtu akichungulia asione. Nikafika hapa varandani, sijafungua mlango, naitwa: kanzu ya Mchungaji haionekani! Nikaliweka kapu pale mlangoni, nikakimbilia sakristia. Niliporudi, kapu hakuna."

"Ukamuuliza nani?"

"Nimuulize nani, mwanangu? Niseme nimepotelewa na kapu la nini? Nilijua watu wa ugomvi ule wamekuwa wananifuatilia. Nikasema wamekipata. Nikanyamaza, nikiomba wakirudishe wenyewe."

"Ibada ikaisha, ukafanya nini?"

"Kama siku zote. Nilikaa sakristia na watu wa hazina mpaka saa saba. Miaka yote mimi huwa naishia humo."

"Na hiyo Jumapili ilikuwa Jumapili gani?"

Mama Aika alimtazama bila kuelewa. "Ya Mavuno."

Naserian alicheka. Alijizuia, ikashindikana, akacheka mpaka akaifunga kalamu. Haikuwa dharau. Alikuwa amemkumbuka mama yake mzazi, ambaye asubuhi moja ya Mavuno, siku ambayo sadaka za mazao hunadiwa, kule Oldonyo Sambu alifunga jogoo wake wa kupeleka sokoni kwenye nguzo ya kanisa, akaingia kusali kidogo tu. Alipotoka, jogoo alikuwa juu juu mikononi mwa mnadishaji. Na kwa kuwa hakuna mtu mwenye haya anayeweza kusimama mbele ya washarika akadai sadaka irudishwe, mama yake alishindana bei na mwalimu mkuu, jasho likimtoka, mpaka akamnunua jogoo wake mwenyewe.

"Mama Aika," alisema, "Jumapili ya Mavuno ukiacha kapu mlangoni pa kanisa, umelifanya nini?"

Miaka ishirini na sita Mama Aika alikuwa ameandika matangazo ya mnada wa mazao kwa mkono wake, na hata mara moja hakuwahi kutoka sakristia kuutazama. Woga wa kile kitabu ulimfanya amtafute adui, wakati vijana wa sadaka walikuwa wamepita tu varandani wakikusanya walichokikuta. Alishika kichwa.

"Uwii! Nimemtolea Mungu kitabu cha Baraza."

* * *

Mnadishaji alikuwa Mzee Yoeli Nanyaro, mzee wa kanisa, na Naserian alimkuta kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, anapogoa mibuni katikati ya migomba. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo daima, na yeye alijivunia hilo. Alijua vizuri kwamba kesho yake angekaa kikaoni kumhukumu Mama Aika, kwa hiyo alianza kwa kujihami.

"Mimi sina neno baya na yule mama. Lakini ufunguo ni ufunguo."

"Sijaja kwa ufunguo, mzee. Nimekuja kwa maparachichi."

"Maparachichi?"

"Siku ya Mavuno uliuza kapu la maparachichi."

Mzee Yoeli alikaa juu ya gogo, uso ukachangamka. "Hilo sitalisahau. Msimu huu nani ananunua parachichi? Yanaoza njiani, nguruwe wameyakinai. Nilijua nitaliita mpaka mate yakauke. Kumbe!"

"Kumbe nini?"

"Lilikwenda kwa bei ya beberu! Yule kijana, Derick, alikuja na kamera yake. Alinunua mkungu, akanunua mayai, watu wakapiga vigelegele. Nikasema, kilichobaki ni hiki. Akalichukua bila kuuliza. Zito! Nilipomkabidhi mkono wake ulikwenda chini. Akasema, haya ni maparachichi au mawe? Watu wakacheka."

"Hakuna aliyeangalia chini?"

Mzee alimkazia macho kama aliyetukanwa. "Afande, kwenye mnada wetu kapu halipekuliwi. Kuchokonoa sadaka ni kumdharau aliyeitoa. Unalinunua lilivyo, basi."

Kwa hiyo Derick Issangya, aliyekuwa anakililia kitabu polisi, alikuwa amekilipia kwa pesa yake mbele ya usharika mzima. Naserian aliyatafuna hayo kwa furaha isiyostahili mtu mwenye sare. Lakini Derick hakuijua hata rangi ya jalada. Basi kapu halikufika kwake.

"Akalipeleka wapi?"

"Hakulipeleka. Aligawa vyote palepale. Mkungu wanakwaya, mayai wajane. Na kapu," Mzee Yoeli alitua, akionja habari yake, "alimpelekea Bibi Magreth. Binti wa Mangi Yoramu mwenyewe! Ndiye mkubwa kuliko wote kanisani, miaka themanini na nane. Akainama, akampa kwa mikono miwili, kamera inapiga. Eti kuonyesha hana kinyongo na ukoo wa Mangi."

Picha ilikuwa bado ipo kwenye ukurasa wa Derick mtandaoni, na watu mia tatu walikuwa wameipenda. Derick anatabasamu. Bibi kizee mdogo, mkavu, kilemba cha bluu, amelipakata kapu kubwa kuliko kifua chake. Naserian aliikuza picha mpaka ikawa vidoadoa, lakini maparachichi yalikuwa yamefunika kila kitu.

* * *

Nyumba ya Bibi Magreth ilikuwa mwisho wa njia, chini ya mfereji, ya mbao na bati la zamani. Mawingu yalikuwa yameshauficha mlima, na hewa ilikuwa na baridi ya kutaka moto. Bibi alikuwa jikoni akichagua maharage kwenye ungo. Sikio moja lilikuwa limekufa, kwa hiyo Naserian alikaa upande wa lile zima, akaamkia, akapokea chai ya maziwa, akanywa nusu kikombe kabla ya kuuliza lolote. Haraka ingemharibia.

"Bibi, yale maparachichi ya Derick yalikuwaje?"

"Mazuri. Mawili yalikuwa yameoza."

"Na chini yake?"

Vidole viliendelea kuchagua. Punje mbovu kushoto, nzima kulia. "Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Oldonyo Sambu. Natoka polisi, bibi."

"Nilijua hukuja kwa chai."

Naserian alishajipangia jibu lake njiani: binti amekuta kitabu kinachomvunjia baba yake heshima, akakificha. Alilisema hivyo, kwa upole. Bibi Magreth alitikisa kichwa.

"Aibu ya baba yangu inajulikana mlima mzima. Nikifiche nini?"

"Basi kwa nini hukukirudisha?"

Bibi aliokota punje nyingine. Naserian alibadilisha njia. "Bibi, unajua kuna mtu anateseka kwa ajili ya kitabu hicho?"

"Nani?"

"Mama Aika, katibu wa usharika. Wanasema amekiiba. Kesho saa tatu wanamfukuza kazi, kisha sisi tunampeleka mahakamani."

Ungo ulitua chini. Bibi alimtazama kwa mshangao ambao haukuwa wa kuigiza. "Tabea? Mtoto wa Ndosi? Mbona hakuna aliyeniambia?"

Kwa kawaida mzee wa umri ule haambiwi habari mbaya, anaambiwa tu kwamba wote hawajambo. Bibi Magreth aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani, na Naserian akasikia kifuniko cha sanduku kikigonga. Alirudi amekikumbatia kitabu, jalada jeusi, pembe zimelika. Akakiweka mapajani mwa Naserian.

"Mpelekee Tabea," alisema.

Naserian alimpigia simu Mama Aika palepale. "Kimepatikana, mama. Kizima. Kukitoa ofisini utajibu mwenyewe kwa Mchungaji, lakini wizi haupo." Upande wa pili hakukujibiwa kitu, ila kilio kirefu cha mtu aliyetuliwa mzigo, na Naserian aliogopa naye angelia mbele ya shahidi. Akakata.

Ndipo alipokifungua. Alipita ukurasa wa sitini na moja, akafika mwisho, kwenye kikao cha kumwondoa Mangi. Alisoma waliohudhuria. Alisoma wasiohudhuria, na hapo akarudia kwa sauti: "Bwana Solomoni Issangya hakufika. Ameleta udhuru kwamba ng'ombe wake anazaa."

"Alizaa kweli," alisema Bibi Magreth. "Ndama dume."

Naserian alicheka kwa mara ya pili siku ile. Lakini jicho lake lilikuwa limeshateremka mpaka chini ya ukurasa, kwenye mstari wa mwisho: mwandishi wa kikao ameomba jina lake lisitajwe. Alivuta fomu ya maelezo, akaandika jinsi kitabu kilivyopatikana, akamsomea bibi polepole, akampa kalamu atie saini. Alitegemea dole gumba. Bibi alivaa miwani, akaandika jina lake lote bila haraka, kila herufi imesimama peke yake, na herufi ya kwanza ya Magreth ikaanza kwa kitanzi kidogo kilichopinda kushoto.

Naserian aliitazama saini. Akatazama kitabu. Neno Mangi lilikuwa kwenye kila ukurasa, mara tano, mara kumi, na kila mara lilianza kwa kitanzi kilekile.

"Bibi," alisema taratibu, "ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitano. Nilikuwa likizo kutoka shule ya misheni." Hakujaribu kukana. "Walimu waliogopa kuandika, Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, angewafukuza kazi. Wazee wakanijia kisimani. Wakasema, hakuna mwingine mwenye mkono mzuri."

"Dhidi ya baba yako?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namimina chai siku aliyosaini ile karatasi. Bwana Shauri alimweleza neno kwa neno. Baba alijua. Alisema akikataa watamweka mwingine atakayesaini, na labda ni kweli. Lakini watu walitolewa, nyumba zikachomwa, mama yangu mdogo akajifungulia njiani. Nikaandika mihtasari. Nikaandika na barua ya kumwondoa."

"Alijua ni wewe?"

"Barua ilisomwa siku ya soko. Aliyetumwa kuisoma alikwama, baba akaichukua, akaisoma mwenyewe kwa sauti mpaka mwisho. Jioni nikamwekea chakula. Akala. Alipomaliza akasema, 'Wameandika vizuri. Herufi zimesimama.' Basi. Aliishi miaka kumi na moja tena, hakurudia." Alivua miwani. "Kuandika alinifundisha yeye, kabla ya shule. Alikuwa ananishika mkono."

Naserian alikifunga kitabu.

"Ndugu yangu Thomasi, baba yake Godwin, alimtafuta huyo mwandishi maisha yake yote," bibi aliendelea. "Alimlaani kila Krismasi, nimekaa mezani kwake. Amekufa hajampata. Sasa unaelewa kwa nini kila asubuhi nawasha moto, nakitazama kitabu, nakirudisha sandukuni."

"Sheria haitaki jina la mwandishi. Nitaandika kimepatikana kapuni, tunaishia hapo. Godwin hatajua."

"Wewe umejua kwa saini moja. Godwin ana barua zangu tangu akiwa shule."

Kitabu kingefunguliwa mbele ya washarika kama Mchungaji alivyotangaza, Godwin angesimama mstari wa mbele, na angeuona mkono aliouzoea. Naserian angeweza kuomba kisomwe mbali naye. Angeweza kukichelewesha mkoani kama kielelezo, mwezi, hata miwili. Alianza kusema hivyo, na bibi akamnyamazisha kwa kiganja. Akatoa simu ndogo ya vibonye kutoka kwenye mkunjo wa khanga, akaisogeza karibu na macho, akabonyeza, akaiweka kwenye sikio zima.

"Godwin? Mimi shangazi. Sijambo. Sikiliza. Yule mtu ambaye marehemu baba yako alikuwa anamtafuta, yule aliyeandika barua. Nimempata." Alisikiliza. "Ndiyo, yu hai. Hapana, usimwambie mtu, usije na mtu. Njoo peke yako, leo hii. Yuko hapa nyumbani kwangu, anakusubiri."

Akairudisha simu kwenye khanga, akaenda kuongeza maji kwenye birika.